Mama akitaka kuhamia mtaa wa wazee, kwanza msikilize

Tuseme ni tarehe 26 Desemba na nyote mko ocha. Mbuzi wa jana amebaki mifupa ya supu. Watoto wamelala mkekani sebuleni, nawe umekaa barazani ukiinua simu juu kutafuta mtandao. Mamako, mwalimu mstaafu wa miaka 66, anatoka jikoni, anapangusa mikono kwenye leso, anaketi. Kisha anasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetangaza kuwa chumvi imeisha:

"Nimepata mahali pa kuhamia. Ni mtaa wa wastaafu, watu wa rika langu. Mwaka ujao nataka kwenda kuishi huko."

Kimya. Kakako, kifunguamimba, ndiye wa kwanza kufungua mdomo: "Watu watasema nini?" Shangazi anadakia akiuliza kama watoto wote wamekufa. Dadako anaanza kulia. Wewe kitindamimba hujui useme nini, ila kuna swali linakuchoma moyoni: tumemkosea nini mama?

Tunakuandikia wewe kijana kwa sababu siku hiyo inakuja, na kwa familia nyingine imeshafika. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya takriban milioni 2.7 waliofikisha miaka 60 na zaidi, kati ya watu milioni 47.6. Wengi wao wamezaa watoto waliosoma na kutawanyika: mmoja Eldoret, mwingine Mombasa, wa tatu Qatar au Marekani. Nyumba kubwa aliyojenga mzazi akitarajia itajaa sauti imebaki na mtu mmoja, redio na mbwa. Usishangae akianza kufikiria njia nyingine ya kuishi.

Msimamo wetu ni huu. Mzee kuishi na wazee wenzake si aibu. Aibu ni mzee kuamuliwa na watu wengine, iwe ni kumtoa kwake au kumzuia asitoke. Kwa hivyo kabla ya kuuliza anaenda wapi, uliza kwanza: nani ameamua?

Tusichanganye mambo matatu

Kelele nyingi za siku kama hiyo hutokana na kuchanganya vitu vitatu vilivyo tofauti kabisa.

Kuna nyumba za wazee tunazozifahamu, zile zinazosimamiwa na masista, makanisa na mashirika ya msaada. Hizi hupokea wazee wasio na jamaa wala riziki. Anayeingia humo mara nyingi hakuwa na mambo mawili ya kuchagua. Alikuwa na moja tu, na tunawashukuru wanaolifanya lipatikane.

Kuna kimbilio. Nenda Ganze, Kaunti ya Kilifi, uone kituo cha Kaya Godoma. Pale wanahifadhiwa wazee waliookolewa baada ya kusingiziwa uchawi katika vijiji vyao. Mvi za mzee zinageuzwa ushahidi, na nyuma ya tuhuma mara nyingi kuna shamba ambalo jamaa fulani analimezea mate. Wazee hao nao wanaishi na watu wa rika lao, lakini usithubutu kusema walichagua. Walikimbia panga, na baadhi yao walikuwa wakiwakimbia watu wa damu yao.

Halafu kuna hili analolisema mama. Mtaa ambao mtu ananunua au kukodi nyumba kwa hiari yake, na sharti kubwa la kuingia ni umri, mathubutu miaka 55 au 60. Ana ufunguo wake, jikoni yake na sufuria zake. Anapika ugali saa anayotaka. Getini kuna askari, njia hazina ngazi za kumwangusha, bafuni kuna chuma cha kushikilia, na akibonyeza kengele usiku kuna mtu wa kumjia. Asubuhi anatembea na wenzake, jioni wanacheza bao au wanabishana kuhusu siasa za miaka ya 1980. Hapa Kenya mitaa ya namna hiyo bado ni michache, na wengi hatujawahi kuikanyaga. Ndiyo maana shangazi akisikia "mtaa wa wastaafu" anaona kitanda cha chuma na uji baridi.

Ukiyatenganisha hayo matatu, utaona kwamba mtu anayeingia mtaa wa wastaafu kwa miguu yake na yule aliyeachwa kwenye lango la masista usiku hawafai kuitwa jina moja.

"Hayo ni mambo ya wazungu"

Anko lazima aseme hivyo. Na kusema kweli, kwa sura yake ya leo jambo hili lilikomaa Marekani. Mnamo Januari 1, 1960, mjenzi aitwaye Del Webb alifungua mtaa wa Sun City katika jangwa karibu na jiji la Phoenix, jimbo la Arizona. Alijenga nyumba ndogo, uwanja wa gofu, kituo cha burudani na maduka, akawaalika wastaafu waje waone. Watu wapatao 100,000 walifika katika siku tatu za kwanza. Hakuna aliyewafukuza makwao. Walikuja kwa magari yao wenyewe. Baadaye sheria ya nchi hiyo ya 1995 iliweka wazi masharti: ili mtaa ujiite wa watu wa miaka 55 na zaidi, angalau asilimia 80 ya nyumba zinazokaliwa ziwe na mtu mmoja aliyefikisha umri huo.

Lakini anko akisema kuishi kwa rika si Uafrika, mwambie taratibu kwamba hapo amepotoka. Sisi tulikuwa na rika kabla ya gofu. Morani wa Kimaasai huishi na wenzake wa rika katika manyatta yao. Miongoni mwa Wakikuyu, Wameru na Wakalenjin, mtu alijulikana kwa rika lake, na rika ndilo lililomrekebisha na kumtetea.

Vuka mpaka uingie Rungwe, kusini-magharibi mwa Tanzania, upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Wanyakyusa walikuwa na vijiji vizima vilivyopangwa kwa rika. Mvulana akifika miaka kumi hivi alitoka kwa babake, akaenda na wenzake kujenga vibanda vyao kando. Mwanzoni walirudi kula kwa mama zao, tena kwa kundi, leo kwa mama huyu, kesho kwa mama yule. Waliendelea kulima mashamba ya baba zao. Walipooa, wake zao waliwafuata huko, na wakazeeka wakiwa majirani wa utotoni. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyeishi kati yao miaka ya 1930, alitoa kitabu kizima kuhusu vijiji hivyo mwaka 1951. Wanyakyusa walikuwa na neno la ile raha ya kukaa na watu wa lika lako: ukwangala. Waliihesabu kuwa sehemu ya maisha mema.

Angalia hapo kwenye chakula. Kijana wa Kinyakyusa alilala mbali lakini alikula kwa mama. Kuishi kwingine hakukumaanisha kukata undugu. Hilo ndilo somo tunaloweza kulibeba hadi barazani kwenu.

Siku yake inaendaje?

Kabla hujamjibu mama, hebu jiweke katika siku yake ya kawaida. Isiwe siku ya Krismasi mkiwa wote, chukua Jumanne moja ya Machi.

Anaamka saa kumi na moja kwa sababu usingizi wa wazee ni mfupi. Nyumba ina vyumba vitano na anatumia kimoja. Kijana wa kumsaidia ng'ombe hajafika, tena. Presha imempanda tangu jana, lakini zahanati iko mbali na mwenye bodaboda anadai hela ya kwenda na kurudi. Saa nne anakwenda mazishini, ya nne tangu mwaka uanze, ya mwalimu mwenzake. Mle matangani anatazama huku na huku na kuhesabu: wale walioanza kazi naye wamebaki watatu. Jioni unampigia. Mnazungumza dakika tatu, nusu yake ni "hallo, unanisikia?" Unamtumia elfu mbili kwa M-Pesa, unalala ukiwa na amani. Yeye anafunga mlango kwa kufuli mbili kwa sababu wiki jana waliiba kwa jirani.

Sasa ongeza jambo ambalo hatupendi kulitaja. Wazazi wengi hawako peke yao, na hapo ndipo penye taabu. Wameachiwa wajukuu. Umepata mtoto, kazi za jiji hazieleweki, keja ni ya chumba kimoja, basi mtoto anapelekwa kwa shosho "kwa muda". Muda unakuwa miaka sita. Mtu aliyelea watoto wake watano, akafundisha wa wenzake kwa miaka thelathini na tano, anaanza tena nepi akiwa na magoti yanayouma. Anafanya kwa upendo, ndiyo. Lakini umewahi kumuuliza kama anataka?

Kwa hivyo mama akisema anataka kuhamia kwa watu wa rika lake, huenda hasemi kwamba mmemkosea. Huenda anasema amechoka kuwa mlinzi wa nyumba tupu. Huenda anataka mtu wa kucheka naye ambaye anakumbuka wimbo ule ule. Huenda anataka tu, kwa mara ya kwanza maishani, kuamka na kukuta hakuna anayemngoja ampikie. Hujui mpaka akuambie. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tunalia kwa sababu gani hasa?

Tuseme ukweli, sisi kwa sisi. Upinzani wa watoto huwa na sababu tatu, na ni moja tu inayosemwa kwa sauti.

Inayosemwa ni watu: kijiji kitasema nini, kanisa litasema nini. Hii ina uzito, hatuipuuzi. Kwetu mzazi akitoka boma lake, ni watoto wanaohukumiwa. Lakini wale watakaosema hawatakuwepo saa nane usiku mama akianguka bafuni. Kijiji kina haki ya kuuliza, hakina haki ya kupiga kura.

Isiyosemwa sana ni hatia. Tunajua hatuji mara nyingi. Tunajua tulisema "Pasaka nitakuja" na hatukuja. Uamuzi wa mama unatushika mkono kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Lakini hatia yako haitibiwi kwa kumfungia mama ocha. Hiyo hutibiwa kwa kupanda gari ukaenda kumwona.

Na isiyosemwa kabisa ni mali. Nyumba ya mtaa wa wastaafu si bure. Mama huenda akauza ploti ya mjini, au ile ekari moja ya barabarani ambayo kakako amekuwa akiipigia hesabu tangu akiwa chuoni. Jiulize bila kujidanganya: machozi haya ni ya mama ama ni ya ekari? Mali aliyoinunua kwa jasho lake ni yake angali hai. Urithi huanza mtu akifa, hauanzi akistaafu. Ikiwa shamba lilikuwa la marehemu baba, hapo mambo ni tofauti. Sheria ya urithi humpa mjane aliye na watoto haki ya kulitumia maisha yake yote, lakini haimpi uhuru wa kuuza atakavyo. Hilo likaeni chini na wakili mapema, kabla halijawa kesi ya ndugu kwa ndugu.

Upande wa pili nao una hoja

Hatutaki uamini kwamba mitaa hii ni pepo ndogo. Ina gharama zake, na nyingine hazilipwi kwa pesa.

Mfano uko Sun City yenyewe. Katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, wakazi wake walipiga kura tena na tena kukataa mikopo ya kujenga shule za eneo hilo. Watoto wao walishakua, basi shule za watoto wa wengine hawakuziona kuwa shida yao. Mwishowe mtaa huo ukaondolewa katika wilaya ile ya shule. Hicho ndicho kinachoweza kutokea watu wa umri mmoja wakijifungia na kuacha kuona watoto wakipita na mikoba. Penye wazee haliharibiki neno, lakini wazee wakikaa mbali na vijana, hilo neno litamfikia nani? Mtoto wako atajifunza kwa nani hadithi za ukoo, lugha ya mama, na namna ya kuomba msamaha?

Mitaa mingi ya aina hii pia huweka mipaka kwa wageni wa umri mdogo. Wajukuu wanakaribishwa, lakini kwa siku zilizohesabiwa. Kwa shosho aliyezoea kuona mlango ukifunguliwa wakati wowote, sharti hilo linaweza kuuma kuliko upweke.

Na kuna hela. Kuna mitaa ambako huuziwi nyumba, unauziwa haki ya kuishi humo mpaka kufa, kisha nyumba inarudi kwa mwenye mtaa. Afrika Kusini ilitunga sheria mahususi ya makazi ya wastaafu mwaka 1988 kwa sababu wazee wanaweka akiba ya maisha yote katika mkataba mmoja. Hapa kwetu, ambako tumeona watu wakilipia ploti hewa, mzee aliyepokea malipo ya uzeeni juzi ni windo la kupendeza sana.

Hapo ndipo kazi yako kijana ilipo. Wewe unajua kutafuta taarifa, unajua kusoma maandishi madogo. Badala ya kumkataza, fuatana naye. Nendeni mkaone mahali penyewe, tena siku ya kawaida bila kutoa taarifa. Kaeni mle chakula wanachokula. Zungumzeni na wakazi msimamizi akiwa mbali. Kisha ulizeni haya: Ananunua nyumba, anakodi, ama analipia haki ya kuishi tu? Akibadilisha nia baada ya miezi minane, anarudishiwa kiasi gani? Ada ya kila mwezi inaweza kupandishwa na nani, kwa kiwango gani? Akishindwa kutembea au akianza kusahau, ataendelea kukaa au atatakiwa kuondoka? Usiku daktari au nesi yuko wapi? Akifa, vitu vyake na pesa zake vinaenda wapi? Wajukuu wanaruhusiwa kulala siku ngapi? Hatimiliki ya ardhi ni ya nani, na mmeitafuta wenyewe katika msajili wa ardhi?

Mwenye mtaa akikasirishwa na maswali hayo, mmepata jibu.

Na kabla ya kuuza chochote, jaribuni miezi mitatu ya kukodi ikiwezekana. Nyumba ya ocha isibomolewe, ng'ombe aende kwa jirani. Mama akirudi, arudi bila kuchekwa. Kuamua ni pamoja na haki ya kugeuza uamuzi.

Na yule ambaye hana cha kuchagua?

Labda umesoma hadi hapa ukijiambia: haya ni ya walimu wenye pensheni, mamangu anauza mboga. Ni kweli. Kuchagua mahali pa kuzeekea, kwa sasa, ni jambo la wachache. Mzee wa kawaida wa Kenya hakuwa na payslipu. Akifikisha miaka 70 na kuandikishwa katika mpango wa Inua Jamii, anapata Sh2,000 kwa mwezi, na malipo huchelewa mara kwa mara. Hizo hazikodi hata chumba cha mabati katika vitongoji vingi vya Nairobi.

Hata hivyo, Katiba ya 2010 haikuandika haki za wazee kwa ajili ya matajiri. Kifungu cha 57 kinasema Serikali itachukua hatua kuhakikisha wazee wanashiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, wanajiendeleza, wanaishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na wanapata matunzo yanayofaa kutoka kwa familia na Serikali. Soma tena hapo mwisho: familia na Serikali. Si mmoja akimwachia mwenzake.

Tungependa serikali za kaunti zianze na jambo dogo. Si lazima zijenge mitaa ya kifahari. Ukumbi mmoja katika kila wadi, unaofunguliwa mara mbili kwa wiki, wenye chai, mtu wa kupima presha na sukari, na viti vyenye egemeo, ungewapa wazee wengi kile kitu mama anachokwenda kukinunua kwa mamilioni: watu wa rika lake. Vyama vya kina mama na makundi ya kanisani na msikitini tayari yanafanya sehemu ya kazi hiyo bila bajeti. Na kabla mitaa ya wastaafu haijaongezeka, wabunge wahakikishe kuna sheria iliyo wazi kuhusu mikataba yake na ukaguzi wa huduma zake. Mambo yakiharibika ndipo tuanze kuunda kamati, itakuwa tumechelewa kama kawaida yetu.

Nawe je, utazeekea wapi?

Una miaka 24. Swali hili linakuchekesha. Lakini uhuru wa mama wa kusema "nataka kuhamia" haukuja Desemba ile. Ulitokana na makato ya kila mwezi kwa miaka thelathini na kitu, miaka ambayo alikuwa akinunua viatu vyako kwa mkopo wa ushirika. Kama asingekuwa na hiyo akiba, mkutano wa barazani usingekuwepo. Mngegawana tu zamu: Januari kwako, Februari kwa dadako, kama mzigo.

Ukiajiriwa, angalia kama NSSF yako inawasilishwa. Sheria ya 2013, iliyoanza kutekelezwa Februari 2023 baada ya mvutano mrefu mahakamani, inakukata asilimia 6 ya mshahara hadi kiwango kilichowekwa, na mwajiri anaongeza asilimia 6 nyingine. Mwajiri asipopeleka, anakuibia uzee. Kama uko jua kali, usiseme pensheni ni ya watu wa ofisini. Mpango wa Mbao uliundwa kwa ajili ya watu wa biashara ndogo, na kiwango cha chini kikawekwa Sh20 kwa siku, mbao yenyewe. Hizo ni bando za mtandao za asubuhi moja. Tunajua kazi hazipo na tunajua kuna siku mbao yenyewe haipatikani. Lakini siku inapopatikana, kumbuka kwamba unamtumia pesa mtu fulani mwenye mvi ambaye hana mwingine wa kumwomba, na jina lake ni lako.

Turudi barazani. Shangazi bado ananung'unika, dadako anafuta machozi, kakako ametoka nje kupiga simu. Mama ameketi, mikono mapajani, anakutazama wewe. Usimwambie "sawa" haraka ili yaishe, na usimwambie "haiwezekani". Vuta kiti karibu. Muulize, "Mama, umepaonaje huko?" Halafu nyamaza.

Akieleza na ukasikia kwamba anakimbia kitu, mathalani upweke, wezi, kaka anayemtisha kuhusu shamba, au wajukuu wanaomlemea, basi shughulikieni hicho kitu kwanza, kwa sababu huenda hataki kuhama kabisa. Akieleza na ukaona macho yake yakichangamka, anakutajia rafiki yake wa chuo cha ualimu aliyetangulia huko, anakuambia kuna shamba dogo la mboga na kwaya ya Alhamisi, basi jua anakwenda mahali anapotaka kufika. Mbebee masanduku.

Kisha fanya jambo moja zaidi kabla hujarudi mjini. Chukua kalenda, ile ya ukutani yenye picha ya mbunge, na mtie alama mbele yake siku utakazokwenda kumtembelea mwaka ujao, popote atakapokuwa. Mara sita, mara kumi, kadiri utakavyoweza. Mama akiona hizo alama, atajua kama mlikuwa mnagombania yeye au mlikuwa mnagombania nyumba.